Majibu ya Damu Yaliyopitia Kanisani

Ndugu yangu uliyelala kitandani, au wewe uliyeketi kwenye benchi ukimngoja mtu wako aliyelala kitandani, ninakuandikia wewe. Mimi ni mzee wa kanisa katika kijiji cha Runingu, na mkulima wa mpunga na muhogo. Nilisoma Neno miaka mitatu katika shule ya wainjilisti, na tangu hapo nimekuwa nikifundisha wengine. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika juu ya mkojo wangu. Lakini Mungu hakuona haya kuumba figo na kibofu. Mimi nitaonaje haya kuvitaja?

Ugonjwa ulianza mvua zilipokuwa zikielekea kwisha, wakati mpunga unageuka rangi. Mkojo ulianza kukawia, kisha ukaja tone kwa tone. Wazee wenzangu walicheka, wakasema ndiyo umri huo. Baadaye miguu ikavimba. Viatu vyangu vya Jumapili vikakataa kuingia, nikahubiri kwa ndala. Mdomo wangu ukawa na ladha kama ya mtu aliyelamba msumari, hata samaki wa ziwani niliwasukuma pembeni. Chini ya kitovu tumbo likawa gumu kama ngoma. Sikumwambia mke wangu kwa sababu ya aibu. Yeye aliona, wala hakuniuliza kwa sababu ya heshima. Tukanyamaziana hivyo wiki nyingi, na kunyamaza kule kulikaribia kunizika.

Mwana wangu Samweli anafanya biashara ya maharage Kamanyola. Alipokuja kutusalimu aliitazama miguu yangu, akatoka kutafuta pikipiki. Siku ileile nilifikishwa hospitali Uvira. Muganga, ndivyo tunavyomwita muuguzi kwetu, alinitia mpira wa kutoa mkojo, ule wanaouita sonde. Mfuko wa kwanza ulijaa mbele ya macho yangu. Wakaumwaga, ukajaa tena.

Kitanda cha pili alilala mfugaji kutoka nyanda za juu, aliyevunjwa mguu na fahali wake. Alinyanyua kichwa akaangalia ule mfuko.

"Mzee," akasema, "weye ulikuwa unafuga ziwa mu tumbo?"

Nilicheka, nikalia kwa maumivu ya kule kucheka. Kwa muda wa saa chache nilidhani nimepona.

Inafaa nieleze jinsi tunavyolala hospitali kwetu, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mgonjwa hulindwa na watu wake. Wao humpikia, humfulia, huchukua chupa ndogo ya damu kuipeleka labo, yaani maabara, na huenda dirishani kungoja majibu na kuyaleta. Mlinzi wangu wa kwanza alikuwa mke wangu, lakini magoti yake ni mabovu. Wa pili, mwenye miguu, alikuwa Nabintu, mke wa Samweli. Samweli mwenyewe alirudi Kamanyola kwa sababu mali yake ilikuwa njiani.

Nabintu ni mkaza-mwana aliyelelewa vizuri. Hatamki jina langu. Nikioshwa, anatoka nje. Mfuko ukijaa, alikuwa akigeuza uso kuelekea ukutani na kumwambia mke wangu polepole, "Mama, kile kitu kimejaa." Na mimi nilijifanya sikusikia.

Tena kuna jambo lingine, na hili ni langu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewazoesha watu wa Runingu kwamba bahasha yenye neno zito haifunguliwi kabla ya kuombewa. Majibu ya mtihani wa serikali, barua ya mahakama, karatasi ya hospitali, yote yaliletwa yakiwa yamefungwa. Tuliyaweka juu ya meza, tukaomba, ndipo tukafungua. Nililitoa fundisho hilo katika habari za yule mfalme wa Yuda aliyeletewa barua ya vitisho, naye akapanda nayo nyumbani kwa Bwana na kuikunjua mbele zake. Nililifundisha kwa nguvu. Watu walilipenda, na mimi nililipenda kwa sababu walilipenda.

Siku ya tatu ya sonde ilikuwa Ijumaa. Niliamka nikiwa mzito. Miguu yangu ilikuwa kama magunia ya mpunga yaliyonyeshewa, vidole vikawasha kama vimepita katika upupu. Moyo ulitembea kama mzee anayepanda mlima, anapiga hatua mbili, anasimama, anafikiri kama ataendelea. Asubuhi mapema walinitoa damu, na Nabintu akaipeleka labo.

Daktari alikuja kwa ziara yake. Ni kijana, anaweza kuwa mjukuu wangu wa kwanza. Aliweka chombo chake kifuani pangu, akasikiliza muda mrefu kuliko jana.

"Mzee, kuna kitu katika damu ninachokiogopa," akasema. "Lakini siwezi kukupiga dawa yake kwa kubahatisha. Nimewaomba labo waharakishe. Vumilia kidogo."

Kisha wakamwita kwenye chumba cha upasuaji, kulikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua. Akaenda.

Nikangoja. Wewe uliyewahi kungoja majibu unajua. Hakuna kazi ngumu kama ile, na hakuna kazi yoyote ndani yake. Saa nne ikapita. Saa tano. Mke wangu aliniletea uji, nikataka kuinua mkono nipokee kikombe, mkono ukakataa. Haukuuma. Ulilala tu juu ya shuka kama mkono wa mtu mwingine.

"Nabintu iko wapi?" mke wangu akauliza watu wa chumba.

"Si ulimutuma labo?" mfugaji akajibu. "Mama, ile labo haiko Bujumbura. Iko hapa nyuma ya jiko. Hata minye na mguu moja ningekuwa nilisharudi."

Saa sita. Saa saba. Nilitaka kumwambia mke wangu kwamba ninaondoka. Ulimi ulikuwa mzito, nikaogopa kumtisha, nikabaki nikiangalia bati la dari. Nilitafuta maombi niliyozoea kuwaombea wagonjwa wengine. Sikupata hata moja. Nilipata tu jina la Bwana, nikalishika.

Mambo niliyokuwa siyajui niliambiwa baadaye, sehemu na Nabintu, sehemu na yule mtu wa labo. Jina lake Chubaka. Damu yangu ilipotoa jibu, kwamba chumvi ya potasiamu imepanda kiasi cha kusimamisha moyo, Chubaka hakuliamini, akairudia. Jibu likawa lilelile. Akaenda mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akakuta daktari ameshaingia na mlango umefungwa. Simu ya daktari ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa msumarini. Basi akaandika kwa kalamu nyekundu, akatia karatasi ndani ya bahasha, akaifunga kama ilivyo desturi yao, akarudi dirishani.

"Mama, weye njo unalinda ule mzee wa sonde?"

"Njo minye," Nabintu akajibu, kwamba ndiye yeye.

"Peleka hii kwa dokta. Akiwa ndani, umupe muganga wa salle, kule wagonjwa wanalala. Mbio."

"Iko mubaya?"

"Minye sina ruhusa ya kusema, mama. Peleka tu. Mbio, mbio."

Nabintu aliyaona macho yake. Aliniambia hivi, akiwa ameinamisha uso: "Baba, nilijua iko mubaya. Nikasema, kama ingekuwa muzuri ningepeleka tu kwa dokta. Lakini kama iko mubaya, ikifunguliwa bila maombi, ile ubaya itasimama. Njo vile mulitufundisha."

Akavua ndala, akazishika mkononi, akakimbia. Hakuchelewa hata kidogo. Alikimbia na jua la saa tano, akashuka barabara kubwa mpaka kwenye kanisa letu la mjini, mahali wamama hufunga na kuomba kila Ijumaa. Waliweka bahasha mezani juu ya kitambaa cheupe, wakaipaka mafuta, wakapiga magoti. Waliomba kwa machozi, na mimi siyadharau machozi yale hata leo. Lakini karatasi iliyosema moyo wangu unakaribia kusimama ilikuwa mezani kanisani, na daktari alikuwa hospitali, mikono mitupu.

Alipotoka kwenye upasuaji alipita mlangoni petu, nguo za kazi bado mwilini.

"Majibu ya mzee?"

"Labo bado haijatuma, dokta," muganga akasema.

"Bado? Basi tungoje kidogo. Niko kwa yule mama, niiteni ikifika."

Labo walijua daktari yuko na karatasi. Daktari alijua labo bado. Mimi sikujua lolote. Nilisikia kila neno, na sikuweza hata kugeuza kichwa.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye moyo wake ulikataa kutulia. Chubaka alimaliza kazi, akavua koti jeupe, akaenda kuchukua baiskeli yake. Njia inapita chini ya dirisha letu. Akasimama, akaingiza kichwa ndani. Akaona hakuna chupa ya dawa inayoning'inia kwangu.

"Ule mzee, mulimupiga dawa gani?"

"Dawa ya nini?" muganga akamjibu. "Si labo yenu ingali inalala?"

"Inalala? Majibu nilitoa tangu saa tano! Dokta iko wapi? Dokta iko wapi?"

Nikasikia baiskeli ikianguka. Kisha miguu inakimbia, sauti mbili kwenye korido, Chubaka akitaja namba kwa mdomo, daktari akimwambia, "Rudia," naye akirudia. Halafu chumba kikajaa watu. Mtu alinishika mkono ule usio wangu. Dawa ikaingia taratibu kwenye mshipa, joto likapanda mpaka kooni na masikioni kama nimeingizwa katika mvuke wa chungu. Daktari alikuwa ameweka vidole kwenye shingo yangu, anahesabu bila sauti. Mke wangu alisimama ukutani na kikombe cha uji mkononi. Hapana aliyemwambia akiweke chini.

Kama saa kumi hivi Nabintu aliingia. Uso wake uling'aa, uso wa mtu aliyemaliza kazi njema. Bahasha ilikuwa imefungwa vilevile, na doa la mafuta katikati. Akampa daktari kwa mikono miwili.

Daktari aliichana, akaona ile nyekundu.

"Mama, hii ulikuwa nayo wapi?"

"Kanisani, dokta. Tuliiombea."

Daktari aliigeuza bahasha, akaona doa la mafuta. Kisha akasema, na hakusema kwa hasira, afadhali angekasirika: "Mungu anasoma bahasha yenye kufungwa, mama. Minye siwezi."

Hapana aliyecheka. Hata mfugaji aligeukia ukutani.

Kesho yake jioni niliweza kusema. Jumapili Samweli akafika kutoka Kamanyola, akasimuliwa. Alimwita mke wake uani, chini ya dirisha.

"Weye ulitaka kuua baba yangu?"

Nabintu hakumjibu.

"Ulikuwa na karatasi mu mukono! Mu mukono, Nabintu! Kutoka dirisha ya labo kufika hapa, ni hatua ngapi?"

Angeweza kusema, "Uliza baba yako alitufundisha nini." Hakusema. Na mimi, niliyekuwa nimeshapata ulimi wangu, nilinyamaza. Nilijiambia kwamba bado ni dhaifu. Nilijiambia nitasema kesho. Jumatatu asubuhi alifunga kitenge chake, akarudi kwa wazazi wake Katogota. Samweli hakumzuia.

Kiangazi chote kilichofuata nilikipima kwa sindano. Damu kila wiki, halafu kila wiki mbili. Sonde ilibadilishwa mara tatu. Nilikaa kanisani nimefungiwa mfuko kwenye paja ndani ya suruali, na ulipojaa nilijua kwa joto lake. Vumbi la bondeni lilifunika milima. Nilikonda mpaka pete ikaanguka nikinawa mikono. Mke wangu alinihudumia kwa magoti yake mabovu, anakwenda labo akishika ukuta, na hakuninung'unikia. Hakunisemesha sana pia.

Rehema ndogo zilikuwepo, nami nazihesabu. Mfugaji alitoka hospitali kabla yangu, akaniachia mto wake. Chubaka kila akiniona dirishani aliinua mkono. Na daktari alifanya jambo moja lisilo kubwa. Aliandika namba za simu za waganga wa zamu kwenye ukuta wa labo, wakakubaliana kwamba jibu lolote la kalamu nyekundu linasemwa kwa mdomo kwanza, na anayelisikia analirudia, ndipo karatasi ifuate. Nilipoambiwa, niliona haya. Watoto wale walikuwa wamerekebisha upande wao, na mimi upande wangu nilikuwa nimeuacha wazi.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika juu ya ziwa, walinipasua kuondoa kile kilichoziba njia ya mkojo. Siku za kuuguza kidonda macho yangu yalikuwa mazito, nikamwomba mke wangu anisomee Maandiko. Akafungua palipofunguka, akafika kwa mfalme wa ile barua. Akasimama.

"Hapa wanasema aliisoma," akasema.

"Aliisoma lini?"

"Mbele ya kupanda mu nyumba ya Bwana. Alipokea barua, akasoma, kisha akapanda."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nilikuwa nimelifundisha fungu lile miaka mingi, nikiruka neno moja. Mfalme alijua kilichoandikwa. Hakuombea karatasi iliyofungwa.

Mke wangu alifunga kitabu. Tangu kiangazi kianze hakuwa amegusa habari ile. Sasa akasema, "Baba Samweli, ule mutoto wa watu anakaa Katogota sababu ya fundisho yako. Weye unajua, na minye najua. Mupaka wakati gani?"

Kidonda kilipofunga nilikwenda Katogota kwa pikipiki, nikiwa nimekalia ule mto. Kwetu baba mkwe haendi kumwomba mkaza-mwana msamaha. Baba yake Nabintu alinitolea kiti, akadhani nimekuja kumtetea Samweli, akaanza kusema maneno ya ukali. Nikamwomba aniache nimalize. Nikasema yote, na Samweli alikuwa nyuma yangu, nilimlazimisha aje. Nabintu alikaa mlangoni ametupa uso upande.

"Baba, nimesikia," akasema mwisho. "Nitarudi kwa bwana yangu. Lakini karatasi ya damu yenu sitabeba tena. Naiogopa."

Nilisema asante.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa la Runingu, nikawaambia kwamba nilikosea. Karatasi ya hospitali inakwenda kwanza kwa mwenye kuisoma na kutibu, mbio, na maombi yanakimbia pamoja nayo, hayaitangulii. Mama mmoja mzee akainuka.

"Na kama dokta haiko?"

"Mpe muganga."

"Na kama muganga naye haiko?"

Nilitaka kumpa neno la kumtuliza, nimezoea kuwa nalo. Nikasema, "Mama, sijui. Piga kelele mpaka mtu aje." Watu waliguna. Wengi wao wamelala kwenye hospitali zetu. Wanajua.

Mahindi yalipofika magotini nilirudi Uvira kwa damu ya mwezi. Mke wangu magoti yalikuwa yamevimba, Samweli yuko Kamanyola. Nabintu alinisindikiza, tukakubaliana atanishika mkono tu njiani. Tukakaa kwenye benchi la labo pamoja na wengine. Mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri, na reseau, yaani mtandao wa simu, ilikuwa imekatika mji mzima. Niliona Chubaka ndani akimpigia daktari simu, anaitazama, anapiga tena. Kisha akaja dirishani na bahasha, akatazama benchi. Mimi kusimama hunichukua muda.

Nabintu alisimama. Alikwenda, akaipokea. Hakuniuliza. Aliichana palepale dirishani, yeye asiyetamka hata jina langu, akasoma kilichomo ndani ya mwili wangu kutoka juu mpaka chini, akakunja karatasi, akakimbia kwenye mvua kuelekea mlango wa daktari.

Sikujua ameona nini. Mwenye damu ni mimi, na Chubaka alijua, Nabintu alijua, daktari alikuwa anakaribia kujua, na mimi nilibaki kwenye benchi, wa mwisho kuambiwa. Nikamshukuru Mungu.